Vita Yangu Dhidi ya Breki

Jumatatu, 4 Machi

Siku tano zimebaki kabla Meneja hajaamua kama nitaajiriwa rasmi katika ofisi ya karakana hii, au nitarudi kukaa sebuleni kwa mama mdogo nikiitazama shahada yangu ya isimu ukutani. Karani wa mapokezi naye yuko katika majaribio, na nafasi ni moja. Leo amemchekesha Meneja mara mbili. Nimehesabu.

Lakini nina mkakati! Meneja alisikika akilalamika kwamba vijana hawamalizi sentensi bila Kiingereza. Stoo ya vipuri ina droo sitini na nne, na karibu zote zimebandikwa maneno ya kukopa: breki, klachi, plagi, gasketi. Aibu iliyoje! Mtunza stoo yuko likizo. Funguo ninazo mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuuliza fundi mkuu, ambaye wote humwita Mzee Spana, kwa nini lugha yetu hukopa kwa Waingereza. Nilitarajia akiri uvivu. Alijibu, bila kutoa kichwa kwenye injini, kwamba kifaa kilikuja ndani ya boksi pamoja na jina lake, yeye akavipokea vyote viwili. Kama nilitaka kukipa jina, ningekitengeneza mimi kwanza. Akaongeza kwamba, mwanangu, ukiamua kurudisha vya watu, anza na hilo koti na hiyo tai. Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Mimi sikucheka.

Karani naye akadakia: mteja akiambiwa gari lake linafanyiwa sevisi, huona anahudumiwa kisasa, akiambiwa linatengenezwa, hudhani limeharibika. Hoja nyepesi kabisa. Nimeinakili ili niipinge.

Jumatano, 6 Machi

Kazi imekamilika! Breki padi sasa ni “vikingamwendo”. Klachi ni “kitenganishanguvu”. Lebo za zamani nimezichana vipande vipande, asije mtu akarudi nyuma. Orodha ya istilahi sikuiandika, ninayo kichwani. Mama mdogo amesema kichwa hicho hicho ndicho kilichoacha jiko likiwaka Jumapili. Hajaelewa ukubwa wa jambo hili.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Saa nne asubuhi gari la wagonjwa liliingia, breki zimekufa, hospitali inalisubiri. Fundi akapaza sauti kwenye dirisha la stoo akitaka breki padi. Nikamfahamisha kwa utulivu kwamba bidhaa hiyo haitambuliki tena kwa jina hilo. Akanijibu: Profesa, iite utakavyo, mradi unipe.

Nikavuta droo ya “vikingamwendo”. Kebo za breki ya mkono! Nikavuta ya “vizuiamwendo”. Mipira ya mabomba! Kumbe nilibuni majina manne ya kusimamisha gari, nikayabandika shaghalabaghala, na sikukumbuka lipi liko wapi. Nilivuta droo ishirini. Jasho, honi ya dereva, Meneja mlangoni. Ndipo ikasikika sauti ikilia: jamani, breki padi ziko wapi? Ilikuwa sauti yangu.

Mzee Spana akapita ubavuni mwangu, akavuta droo ya tatu kutoka chini bila kusoma chochote, akaondoka nazo.

Ijumaa, 8 Machi

Karani ameajiriwa.

Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio kwa sababu, kama alivyosema Meneja, hakuna mwingine mwenye mwandiko wa kuandika upya lebo zote. Nimeziandika kutwa nzima, Mzee Spana akinitamkia kama mtoto wa chekechea: andika breki, mwanangu, hiyo herufi ya mwisho inyooshe.

Meneja akaniuliza kama nimejifunza kitu. Nikainamisha kichwa, nikasema ndiyo, tena mengi. Na ni kweli. Herufi zilikuwa ndogo mno, na wasomaji hawakuandaliwa. Jumatatu atakuta mezani pendekezo langu la kurasa thelathini: fundi yeyote asiguse gari kabla ya kufaulu mtihani wa istilahi. Mzee Spana nimemtengea kiti cha mbele.