Bouton ya Miguu Tatu Siku ya Mahari ya Masika

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka makumi mbili, vita ikanitosha kwetu Mabalako, nikakimbia na suruali moja na radio yenye haikuwa na pile ya kuiwasha. Tangu ile siku nimeona mengi. Lakini haya kama ya leo, hapana. Bandugu ba hii groupe ya WhatsApp, niwaelezee mi mwenyewe mbele hamujaisikia ku soko.

Leo ilikuwa mahari ya Masika, binti yangu wa kwanza. Bakwe, jamaa ya bwana-arusi, balitoka Beni na mbuzi kumi. Mi nilitaka mbuzi kumi na ngombe moja juu yake. Bibi yangu, mama yake Masika, akasema tuiache ile ngombe. Nikamwambia: "Nitaiomba mu micro, sauti isikike mutaa yote. Mutu hawezi kukatala neno ya mu micro."

Micro ya nani, ampli ya nani? Bibi alitaka tukodeshe. Nikakatala. Mi ni mutengenezaji wa radio hapa Kimemi, nilisoma mpaka ya tatu primaire (nusu yake), na ampli ya kukuza sauti nilijitengenezea. Kisanduku ya mbao, vernis, na mbele bouton nyekundu, ile inawakaka taa ndani ukiibonyeza.

Shida ni kwamba bouton zenye nilizoea ziko na miguu mbili. Courant ya umeme inaingia huku, inatokea huku. Hii iko na tatu: mbili nyeupe, moja rangi ya dhahabu. Ilikuja na kikaratasi ya kuonyesha (niliwashia nayo makala ya kupikia, mi si mutu wa karatasi). Nikafikiri: dhahabu ni ya mukubwa, na mukubwa hapa ni ampli. Nikafunga fil, waya ya ampli, ku dhahabu. Fil ya courant ku muguu mweupe wa mbele. Ikabaki muguu wa katikati na fil ya neutre, ile ya kurudisha courant, nikavifunga pamoja. Kila mutu na nafasi yake.

Kujaribu? Courant ya mutaa ilikatika tangu juzi. Ikarudi leo, bakwe bakiwa bameisha kukaa.

Papa wa bwana-arusi ni mwalimu. Akainama nyuma ya ampli, akaangalia.

"Mukwe, huu muguu wa dhahabu, si ndio wa neutre?"

"Mwalimu, mi ninaponya radio tangu vita. Kaa, kunywa."

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza vizuri. Kunywa."

Sasa, ku familia yetu, mbuzi za mahari zinabaki inje ya lupango, kiwanja ya nyumba, mpaka papa wa binti amalize kusema. Zikiingia, maneno imekwisha, binti ni wa bakwe. Basi portail, mulango kubwa ya lupango, niliifunga na mukono yangu.

Nikasimama na micro. Nikakohoa. Nikabonyeza.

Taa haikuwaka. Courant ilikutana na neutre, na kilichowaka ni ukuta. Mu coffret ya fusible, kisanduku ya ku ukuta yenye kukata courant ikizidi, niliwekaka fil ya kinene (ile ya kidogo inakatikaka kila siku, inachosha). Ikalia pa, kama risasi.

Hapa kwetu mutu haulizake hiyo ni nini. Bashangazi balikuwa chini hata moshi haijatoka. Mwalimu aliingia chini ya meza na chupa yake, hakumwanga hata tone. Na mi? Mi mwenye ampli, mwenye kujua? Miguu yangu ilikuwa imeisha kuamua. Nikaruka sahani ya samaki, nikafungua mabawa yote mbili ya portail, nikakimbia mpaka ku kona ya barabara. Pale ndio nikaona niko na micro mukononi, fil yake inanifuata kama mukia.

Motard moja akasimamisha pikipiki yake. "Papa, kuko nini?"

"Hakuna. Ninajaribu micro."

Nikarudi polepole, kama mutu alienda kununua chumvi. Batu banapanguza magoti. Na mu lupango, mbuzi. Zote kumi. Moja inakula maua ya meza yangu.

Dada yangu mukubwa, yee ndiye mwenye kushika desturi ya familia, akanitazama. "Kambale, mbuzi zimeingia."

"Ziliingia zenyewe, yaya."

"Nani alifungua portail?"

Nikaanza kukunja fil ya micro.

Mwalimu akatoka chini ya meza, akanishika mukono. "Asante, mukwe. Umetupokea na mizinga, kama bakubwa ba serikali."

"Na ngombe?" nikauliza.

"Ngombe gani? Uliisema mu micro?"

Lupango yote ikacheka. Masika alijifunika kitambaa ya pagne yake ku kichwa, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka kupita bote.

Basi. Leo niko na nyumba ya mabati na portail yake, kioski ya radio, bibi moja, batoto sita ku nyumba (wa kwanza ameenda Beni), mbuzi kumi, ampli yenye kunuka moshi, na bouton nyekundu moja, miguu tatu, zote nyeusi sasa. Ngombe hapana.

Na mwenye atacheka mu hii groupe nitamutosha inje. Mi ndiye admin.