Mshenga Alipoiona Filamu Yangu

Leo nimeumbuka. Mnisamehe makosa ya kuandika, niliishia darasa la saba na bado natafuta herufi moja moja. (Mwandiko wangu wa mkono ndio msiuombe kabisa.)

Mnaijua ile filamu fupi tuliyorekodi Fort Worth, ya wanaume wawili wanaopendana? Humo mimi ndiye niliyemwacha mwenzangu uwanja wa ndege. Huyo mwenzangu ni rafiki yangu Idi, ana mke na watoto watatu. Na mimi nampenda Zuhura, binti wa mji wa Richardson.

Mchana tukaenda kwao kumposa. Mshenga ni ami yangu, Salim. Filamu haijui. (Nilimwonea haya kumwambia.) Kwenye posa mshenga ndiye msemaji, mimi nanyamaza. Kunyamaza nakuweza sana.

Ami akaanza: "Kijana wetu mpole. Hajawahi hata kushika mkono wa mtu."

Mama Zuhura akatoa simu. "Na huyu aliyemshika hapa ni nani?"

Ami akavaa miwani. Akaitazama yote. Dakika kumi na mbili!

"Mama, nilikuwa naigiza," nikasema.

"Na sasa hivi huigizi?"

Nikamgeukia Ami. Yeye anafuta miwani.

"Mimi na mapenzi yenu sina neno," Mama Zuhura akasema. "Lakini kumwacha mwenzio na mabegi manne, hata kwaheri hakuna! Nililia siku mbili. Na mwanangu je, utamwacha wapi?"

Ami, maskini, akataka kuniokoa. "Mpigie huyo Idi kwa video, aseme ukweli."

Nikampigia. Idi alikuwa kazini, ghalani Mesquite. Kuona nyuso zimejaa kwenye simu, akadhani ni mashabiki. Akajishika kifua.

"Mpenzi! Umerudi? Mabegi yako bado ninayo!"

Mama Zuhura akaanza kulia upya. Chumbani nikamsikia Zuhura anacheka mpaka anakohoa.

Posa haikukataliwa. Tumepewa sharti: nipatane kwanza na Idi. Tukiondoka, Mama akanipa pilau, vyombo viwili.

"Kimoja chako. Kingine mpelekee, umwombe radhi. Na picha mkiwa pamoja nitumie."

(Pilau nimeila yote ndani ya gari.)

Kesho naenda Mesquite kumwomba radhi mtu ambaye sikumwacha. Mke wa Idi amekubali kutupiga picha. Niandikieni jamani, mniambie: tusimame vipi?