Bastola au Pilipili kwa Ajili ya Verna

Jumatatu, 7 Aprili
Siku ya kumi na moja tangu Verna aporwe mkoba kwenye maegesho ya duka la vyakula. Mkono wake bado una alama ya zambarau. Mimi nilikuwa ndani, nabishana na muuza nyama kuhusu soseji. Soseji! Mke wangu, ndoa ya miaka thelathini na nane, yuko chini kwenye lami, mimi nagombania soseji. Leo amekagua kitasa cha mlango mara tatu kabla ya kahawa. Mazoezi ya kwaya haendi tena. Eti koo linamkwaruza. Koo lake ni zima kabisa. Nimeamua: nitamnunulia bastola.

Jumanne, 8 Aprili
Kaja Hollis, kaka yake Verna, na bastola yake kiunoni, anatembea kama sherifu wa sinema. Kasema Verna hapaswi kutoka hata kuchukua barua bila silaha. Simpendi Hollis, ila kwa hili tuko pamoja. Tukampeleka Verna kwenye uwanja wa shabaha. Hollis akatangulia kutuonyesha. Akakosa. Mimi nikakosa zaidi. Verna akafyatua mara moja tu. Katikati ya kifua cha yule mtu wa karatasi! Nikashangilia. Yeye akaiweka bastola mezani taratibu, akajifuta viganja kwenye sketi, akaomba turudi nyumbani. Njiani akaingia duka la vifaa, akatoka na kikopo cha pilipili ya kupuliza. Cha rangi ya waridi. Kidogo kama rangi ya midomo! Hollis alicheka mpaka akapaliwa.

Jumatano, 9 Aprili
Ubishi asubuhi nzima. Nikamuuliza, je, upepo ukigeuka? Akaniuliza, je, bastola akinyang'anywa? Nikasema jambazi atakiona kikopo kile acheke. Akasema na acheke, mradi pilipili imemfumba macho. Kwa hoja nimeshindwa. Kwa akili, bado! Kesho akitoka kuanika nguo, nitamtokea nyuma ya banda, nimevaa koti alilolisahau Hollis hapa na kofia ya kuficha uso. Atababaika, kikopo kitamponyoka, atajionea mwenyewe. Kisha nitambembeleza. Mpango hauna kasoro.

Alhamisi, 10 Aprili
Mpango ulikuwa na kasoro.
Hakubabaika. Hata kunguruma sikumaliza. Moto! Machoni, puani, hadi masikioni, sijui ulifikaje huko. Nikaangukia shuka safi, zote chini. Nikalia kwamba ni mimi. Kisha nikamsikia: "Orval? We mzee mjinga, ni wewe?"
Akanikokota hadi kwenye bomba la bustani. Akaniosha macho robo saa nzima, kichwa changu mapajani pake. Nilidhani ananisonya. Kumbe analia.
"Juzi nilipokipiga kile kifua cha karatasi," akasema, "nilijiuliza, kingekuwa cha mtu je? Leo kingekuwa chako, Orval. Saa hii ningekuwa mjane, na nguo mbichi mkononi."
Basi nikamwambia lile ambalo sijamwambia mtu: siku ile nilisikia ukelele kule nje. Nikadhani ni watoto wanacheza. Nikaendelea na soseji. Akafunga bomba. Akasema anajua. Muuza nyama alimweleza siku ile ile, naye alikuwa akingoja tu nimwambie mwenyewe. Akanibusu kwenye paji la uso. Midomo ikamwasha, akaruka, tukacheka sote wawili palepale kwenye tope.

Ijumaa, 11 Aprili
Macho kama nyanya mbivu. Hollis kaja kufuata koti lake, kauliza nani kanipiga. Verna akamwonyesha kikopo. Hollis akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia. Wakati wa kuondoka akauliza kwa sauti ya chini kama vipo vya rangi nyingine. Verna anaimba jikoni. Nimesimama mlangoni kumsikiliza hadi mikate ikaungua. Hakuna aliyejali.

Jumamosi, 12 Aprili
Leo Verna kaenda kwaya. Kwa miguu, peke yake, kichwa juu, kikopo mfukoni. Kabla ya kutoka alinishika mashavu, akaniapisha nibaki nyumbani, nimwamini. Nikaapa kwa moyo wote. Somo limeniingia kabisa. Akaondoka saa nne kamili.
Saa nne na dakika mbili nikatoka kumfuata. Kwa mbali tu! Ni kuhakikisha. Naandika haya nikiwa nimechuchumaa nyuma ya ua wa kanisa. Yuko hatua kumi kutoka hapa. Anapendeza mno. Sasa amesimama, anatazama huku, mkono umeingia mfukoni. Sina wasiwasi. Nimejifunga skafu usoni, hawezi kunitambua hata kidogo.