Kiti cha Juu ya Gurudumu

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu wa Jiografia ametangaza kuwa chama chetu cha wanyamapori kitakwenda ziara. Tuchague wenyewe pa kwenda. Kiranja kapendekeza bustani ya wanyama ya mjini, yenye bembea na aiskrimu. Mimi nimependekeza hifadhi ya taifa iliyo mwisho wa barabara, tena mbele kidogo ya huo mwisho. Nimesema kule wanyama ni wengi. Ni kweli.

Sababu yenyewe ni Baba. Ni askari wa wanyamapori kule. Alipoondoka, mdogo wangu alikuwa anatambaa. Sasa anakimbia na viatu vya Mama. Simu kule hushika juu ya kilima tu, na Baba hukipanda tembo wakimruhusu.

Sijamwambia mtu. Kiranja atasema nataka chama kizima kinisindikize kwa baba yangu. Ndivyo hasa nitakavyo.

Jumanne, 4 Juni

Nimehutubia chama. Nilikunjua ramani, nikasimama wima kama tulivyofundishwa, nikaahidi chui. Kitinda, mdogo wetu kuliko wote chamani, akauliza tutamwona kwa karibu kiasi gani. Nikamhakikishia kwamba ataona hadi masharubu yakicheza.

Kosa! Kitinda kahamia upande wa Kiranja, darasa lake lote nyuma yake. Kiranja akaniuliza kama safari yangu ina kurudi. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 5 Juni

Nimerekebisha. Nimewaeleza kuwa simba wa kule hulala mchana kutwa, na chui haonekani kabisa. Kiranja akauliza, sasa dada, tunafuata nini huko, vumbi? Nimekwenda chooni, nikalia kidogo, nikanawa uso.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya: mazoezi! Nimepanga viti darasani, vikawa basi. Kanuni: kimya, hakuna kusimama, hakuna kunyoosha kidole. Mara Shangazi Mpishi akapita dirishani na sufuria kichwani. Mtu akanong'ona kwamba yule ni nyati. Basi zima likaangua kicheko. Shangazi akarudi kuuliza ni mwana wa nani aliyemwita nyati. Tukajificha chini ya viti, Kiranja akiwa wa kwanza.

Nilihuzunika sana. Nidhamu imenishinda. Lakini kengele ilipolia hakuna aliyetaka kushuka. Walikuwa wanagombania dirisha la basi lisilokuwepo!

Ijumaa, 7 Juni

Kura. Chamani kwetu hupigwa kwa miguu: unasimama nyuma ya unayemtaka. Nilikaza macho ukutani, nikaogopa kugeuka. Nikawa nasikia viatu tu. Nilipogeuka, mstari wangu ulikuwa umetoka nje ya mlango. Kitinda alikuwa mbele kabisa, amenishika sketi. Mwisho akaja Kiranja, akatangaza kuwa yeye atakaa karibu na dereva.

Mwalimu kapanga hapo hapo. Tunaondoka Ijumaa asubuhi, tarehe 21, tunarudi Jumapili jioni. Baba!

Jumapili, 9 Juni

Nimemkuta Mama kizingitini na simu, akicheka kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi. Baba kapata ruhusa. Atafika nyumbani Ijumaa jioni, tarehe 21. Ataondoka Jumapili alfajiri.

Alikuwa ameshakata simu na kushuka kilimani.

Mama akauliza mbona uso umenishuka. Nikamweleza yote. Akakaa chini. Akasema, mwanangu, si ungesema tu? Ningemwambia akungoje huko huko. Kisha akasema jambo lenyewe halijaharibika: kesho nimweleze Mwalimu ukweli, nibaki nyumbani.

Nimeamua. Ukweli, mapema, kwa mtu anayehusika. Nimejifunza.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda hadi ofisini. Mwalimu akauliza, haya binti, kuna nini? Nyuma yake Kitinda alikuwa anabandika ukutani chui aliyemchora mwenyewe, masharubu marefu kuliko mkia. Akaniuliza kama nitakaa naye. Wamesimama nyuma yangu wote wale. Nitawaambiaje kwamba mimi nabaki? Nikasema hakuna kitu, Mwalimu, nimekuja kuulizia mpango wa viti. Akafurahi, akaniachia niupange mimi.

Nimefikiri sana. Barabara ni moja. Basi letu litakwenda, gari la Baba litakuja, lazima tupishane. Kinachotakiwa ni basi lisimame tu kwa wakati wake. Sasa, Kitinda hutapika hata kwenye bembea. Nimempa kiti cha nyuma kabisa, juu ya gurudumu. Mimi nitakaa naye, kwenye dirisha la upande yanakopita magari yanayotoka huko.

Mama kauliza kama nimezungumza na Mwalimu. Nimejibu ndiyo, tena vizuri. Nimemwomba aniazime kitambaa chake chekundu, kile kikubwa, cha kupunga. Kauliza cha nini.

Nimemwambia ni cha vumbi.