Paa Lenye Cheti

Ilitangazwa, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia masika haya hakuna upepo utakaoruhusiwa kung'oa paa la mwananchi wa kata ya Janga bila kufuata utaratibu. Waraka uliandaliwa Kibaha na Kurugenzi ya Mapaa Tulivu baada ya vikao tisa. Aliyepewa kuuandika na kuusimamia ni Bwana Zahoro, ambaye hajawahi kupigilia hata msumari mmoja na kwa hiyo hakuwa na upendeleo wowote katika masuala ya ujenzi. Kabla ya hapo alikuwa Kisarawe, alikoandika Mkakati wa Kudhibiti Radi, ambao hadi leo radi haijaukatia rufaa.

Kurugenzi ilimjengea hapo Janga nyumba ya mfano yenye mabati ya bluu. Kenchi za kubebea mabati zilikalishwa tu juu ya ukuta, kwani waya wa kuzifungia ulikuwa unasubiri saini. Cheti namba moja kiliandikwa kwa rangi kwenye bati lenyewe.

Jumatatu alivuka njia kwenda kumkagua jirani yake, Bi Mwanakheri, mjane mwenye nyumba ya udongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kiberiti kimekwisha tena?"

"Leo nimekuja kikazi. Paa lako limefungwa kwa waya hadi kwenye nguzo. Waya haumo kwenye fomu. Kuna misumari na kuna mengineyo."

"Si uniandike mengineyo?"

"Mengineyo yanahitaji kikao, mama. Kikao ni baada ya masika."

"Sasa paa langu litashikwa na nini, mwanangu?"

"Na cheti."

Akampa hadi Ijumaa awe amebomoa. Bi Mwanakheri alizaa watoto watano katika nyumba ile. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Zahoro alimwonea huruma kweli, ila fomu haikuwa na nafasi ya kuiandika.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, upepo ukaingia Janga bila hodi, mvua ikiufuata nyuma. Zahoro alikuwa mezani akiandika taarifa ya utulivu. Paa lake likanyanyuka zima zima, likavuka njia, likatua juu ya banda la mbuzi la Bi Mwanakheri. Mama yule na mwanawe Hamza wakaliwahi, wakalikaza kwa waya kwenye nguzo za banda. Halikutikisika tena.

Zahoro, ametota chapachapa, akampigia simu Mkurugenzi.

"Paa lipo?"

"Lipo mkuu, ila lipo kwa mbuzi wa yule mama wa kubomolewa."

"Cheti je?"

"Kinasomeka vizuri tu."

Kurasa zikasikika zikifunuliwa. "Kifungu cha saba, ulichokiandika mwenyewe: cheti hufuata paa, na hulinda majengo yote ya kiwanja lilipo. Huyo mama habomolewi. Nyumba yako sasa haina cheti, kwa hiyo kesho uibomoe. Na mtumishi wetu haruhusiwi kulala isipokuwa chini ya paa lililosajiliwa."

"Mkuu, paa lililosajiliwa ni la banda!"

"Basi hongera, hujahama kata."

Zahoro akavuka njia na begi lake. Ndani kwa Bi Mwanakheri kulikuwa kukavu, na chai ilikuwa inachemka.

"Mama, naomba nijibanze hata hapo ukumbini."

"Ningekukaribisha kwa moyo mmoja, mwanangu," akasema Bi Mwanakheri, akimkabidhi jamvi. "Lakini nyumba hii umeshaandika si salama. Likikupata la kukupata, nitamjibu nini mama yako?"

Akamfungulia banda. Mbuzi wakasogea kidogo.