Yai la Shangazi Pelagia

Jumamosi, 5 Juni 1954

Nimekwisha. Debe la asali lilitoka Sikonge kwa mjomba limejaa mpaka shingoni. Nimefika nalo Tabora kwa baiskeli, lina nusu. Nusu! Mahari ya Flavia wamekula siafu wa njiani.

Kosa si langu. Msumari wa keria ulitoboa debe pale chini, katundu kadogo, tone moja moja. Mjinga angeziba kwa nta akaendelea na safari. Mimi nimesoma. Mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba kimiminika hukandamiza zaidi chini kuliko juu. Basi nikafungua mfuniko ili mkandamizo upate kutokea juu. Lo! Hewa ikaingia kwa juu, asali ikatoka kwa chini, na jua lilikuwa limeshailainisha. Nilipogeuka tena sikuona matone, niliona kamba ya asali.

Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe begani kutoka hapa mpaka pwani, akaikabidhi bila mkwaruzo. Mjukuu kashindwa na debe, tena lina gurudumu.

Jumapili, 6 Juni

Natoka kanisani, nikakutana na Damas, fundi cherehani. Akaniuliza kwa sauti ya huruma kama asali imefika. Nikasema salama salimini. Akasema vizuri, maana amesikia barabara ya Sikonge inanata. Mnafiki! Naye kapeleka posa Ipuli kwa Mzee Mayala, baba yake Flavia, anangoja tu niteleze. Mzee alishasema: Jumamosi nilete debe zima la asali safi, la sivyo binti ataolewa na cherehani.

Nikarudi nyumbani, nikaziba tundu, nikajaza maji ya kisima mpaka juu. Nikakoroga. Asali inamiminika, maji yanamiminika. Nani atajua?

Jumatatu, 7 Juni

Shangazi Pelagia atajua. Ndiye dada yake Mzee Mayala, na kwao asali ya mahari hupimwa kwa yai. Shangazi hulitua yai bichi juu ya asali. Likilala ubavu, tumbo nje, asali ni safi. Likididimia likabakiza kipara tu, asali ina maji, na mkwe hurudishwa na debe lake watu wote wakitazama.

Haya kanieleza Flavia mwenyewe, tumekutana kisimani. Kasema yeye hana wasiwasi, ananiamini. Kasema Damas hamtaki, anamtaka Ambrosi, yaani mimi. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Nimejaribu. Kipara! Sababu naijua vizuri: asali nzito hulisukuma yai juu, asali nyepesi haina nguvu hiyo. Kujua hakujanisaidia. Nikakumbuka mwalimu alivyoelea yai kwenye maji ya chumvi, nikatia chumvi. Yai likapanda kidogo mno. Nikaonja. Mama akaniuliza nalilia nini.

Jumatano, 9 Juni

Akili imenijia! Tatizo si asali, tatizo ni yai. Yai viza lina hewa ndani, ni jepesi, huelea hata majini. Mama huyapima hivyo siku zote. Nikakimbia sokoni kwa Bi Zamda muuza mayai, nikamwamkia shikamoo, nikaomba viza. Akaniitikia marahaba huku akinikagua usoni. Kasema watu humrudishia viza kwa matusi, hajawahi kuona anayelifuata. Akauliza kama nimerogwa. Nikajibu ni kwa ajili ya elimu. Akanipa bure, akanipa na pole.

Limekaa juu ya asali yangu kama chifu kitini! Jumamosi nitalitoa mfukoni taratibu, nimwambie shangazi asisumbue kuku wake.

Alhamisi, 10 Juni

Debe linatoa povu. Tena linanong'ona. Sikupata usingizi. Asubuhi nimebana mfuniko kwa nta, nikazungushia waya, nikaliweka juani ili povu likauke.

Ijumaa, 11 Juni

Debe limenenepa! Kuta zote zimetuna. Nilikata tamaa bure, sasa linaonekana limejaa kuliko lile lililotoka Sikonge. Mama kasema hapendi sauti yake, nilifungue lipumue. Nimemwambia amwachie mambo haya mtu aliyekwenda shule.

Jumamosi, 12 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu.

Ipuli watu walikuwa wamejaa uani. Damas kajialika, kakaa mbele. Flavia alikuwa mlangoni, amevaa gauni jipya, akanitabasamia. Mzee Mayala, mzee wa kanisa la Moraviani, mtu asiyekubali hata harufu ya pombe ivuke uzio wake, alikaa karibu na debe kabisa. Shangazi Pelagia akaondoa waya, akashika kisu, akasema anafungua.

Nilimwambia ngoja. Hakungoja.

Kisu kiligusa nta tu. Mfuniko ukaruka juu ya paa, na kilichokuwa ndani kikaufuata. Kikatua kwenye suti ya Mzee Mayala, kwenye ndevu, mdomoni. Mzee akalamba midomo bila kutaka. Akasema kwa sauti ndogo: wanzuki. Pombe ya asali! Halafu akasema: tena ina chumvi.

Nikapiga magoti kuomba radhi. Nilisahau mfuko. Viza likapasuka. Watu wakakimbilia nje, na Damas, mshenzi yule, akafungua lango ili wapite vizuri. Flavia alibaki peke yake, kaziba pua kwa kitambaa, machozi yanamtoka. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 13 Juni

Sikwenda kanisani. Sikula. Koti lilikuwa la kuazima, limezikwa. Nimempoteza mtu pekee aliyeniamini, na nimempoteza kwa mikono yangu. Mama hakunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza.

Jumatatu, 14 Juni

Siamini! Bi Zamda kaleta salamu za Flavia. Flavia kamlilia baba yake siku nzima, hakugusa chakula, mpaka mzee kalegea. Nitapokelewa mara moja tu, Jumamosi. Flavia kasema nisihangaike na debe, hata kibuyu kimoja kinatosha, mradi iwe asali tupu. Nikikosea tena, kasema, asinione maisha yake yote. Nimelia kwa furaha mbele ya Bi Zamda.

Na mjomba wa Sikonge, Mungu ambariki, kasikia mkasa wangu, kaniletea asali nyingine mchana huu. Nzito, nyekundu, safi, kijiko kinasimama. Nusu debe.

Nimeitazama tangu jua linazama. Nusu debe! Damas atasemaje? Mwanamume gani anakwenda ukweni na debe lisilojaa?

Kosa la mara ile nimeligundua. Maji yalikuwa mabichi. Nimeshabandika sufuria, yanachemka.