Ombi la Kumhamisha Daktari Aliyesikia Moyo wa Mpwa Wangu

Damanhur, Jumanne

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali, mwenye cheo kirefu kuliko karatasi yangu,

Mimi ni Shehata, fundi wa pampu za mashambani. Shule niliiacha kidato cha pili, ikiwa bado inanihitaji. Kwa heshima zote, naomba umhamishe Daktari Nahed kutoka wodi ya watoto njiti. Sababu ni hizi:

1. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Rawia, kazaliwa miezi mitatu kabla ya wakati, uzito wa njiwa wawili. Daktari kamsikiliza kifuani, kasema moyo unavuma. Bwana Mkurugenzi, pampu ikivuma si ndiyo inafanya kazi? Yeye anataka moyo bubu?

2. Akaleta altrasaundi, akatuonyesha mshipa karibu na moyo. Eti hujifunga mtoto akishazaliwa. Wa huyu umebaki wazi, damu inafurika mapafuni, ndiyo maana anatweta. Nikamwambia, "Daktari, huyu kawahi miezi mitatu, mwache afunge taratibu!" Akajibu, "Ndiyo hivyo, kaka. Njiti hukawia kuufunga." Yaani kanikubalia, halafu kaandika ugonjwa!

3. Hili ndilo kubwa. Siku ya saba bibi yetu, Hajjat Inshirah, alikuja na kinu cha shaba akitwange karibu na sikio la mtoto, azoee kelele awe jasiri, kama tulivyotwangiwa sote. Mlinzi akamzuia: "Hajjat, humo kuna watoto wanashtuka hata kwa chafya!" Bibi akamwambia, "Wewe ulitwangiwa kidogo, mwanangu, inaonekana." Akarudishwa. Kesho yake tu, mvumo ukasikika. Hesabu mwenyewe: mtoto kanyimwa kinu, kaanza kutwanga kifuani. Ugonjwa mmeuleta nyinyi.

4. Kwa hiyo kila kisanduku cha joto wanamolala njiti kipewe kinu, vitwangwe vyote kwa pamoja. Daktari aende wodi ya wazee, ambako moyo wa kelele haumshangazi mtu. Nafasi yake nitaishika mimi. Masikio ninayo.

Nisalimie wauguzi wote, wapishi, na mlinzi kidogo.

Wako mtiifu, ukikubali,
Shehata

Nyongeza: Nimeingia wodini na barua mkononi, nikamkuta Daktari Nahed ameinama juu ya mtoto, anahesabu pumzi, chai yake imepoa pembeni. Kanivalisha masikioni kipimo chake cha kusikilizia moyo. Nimesikia, bwana. Si mvumo wa kujivunia. Dawa ya kuufunga mshipa kaanza kumpa leo. Picha nyingine ni Alhamisi. Rawia hajakaa kitako tangu asubuhi. Barua nimeileta kwa sababu nimehangaika kuiandika, lakini wewe soma hapa tu: daktari asiguswe.